Wakati wa Uhai wa Mume

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alipewa jembe lake mwaka 1984, na hajaliweka chini hadi leo. Amepalilia migomba, amechuma kahawa, amezaa watoto sita na amezika wawili. Kwa hesabu ya methali, ugeni wake ulikwisha zamani sana. Kwa hesabu ya ofisi haujakwisha, kwa kuwa hana namba.

Nikisema namba, msomaji wa Tanzania hana haja ya kuuliza ni namba gani. Ni ile ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Asiye nayo hukwama anapotaka kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki au kuomba mkopo. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote ya kazi, na miaka mingi katika hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Nimewajazia watu fomu kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ya shemeji yangu sikuijaza. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza hapana budi nieleze nchi yenyewe, maana kisa hiki kilianza kabla yetu sote.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tumezungukwa na mto. Kagera unatutenga na Rwanda upande wa machweo, kisha unapinda na kututenga na Uganda upande wa kaskazini, pale Murongo inapotazamana na Kikagati. Zamani mto huu ulikuwa njia ya maji na mahali pa kunyweshea ng'ombe. Wafalme wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda, walikuwa na ndugu zao wa ukoo huo huo ng'ambo, na wanawake walivuka kwenda kuolewa huku na huko. Kuna kata yetu moja ya Kyerwa iitwayo Isingiro, na ukivuka mto kuingia Uganda unakuta wilaya nzima iitwayo Isingiro. Majina hayo hayakuomba ruhusa ya mtu.

Nisidai hata hivyo kwamba zamani kila mtu alipita apendavyo. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861 walikaribishwa vizuri, lakini hawakuruhusiwa kuendelea hivi hivi. Ilibidi habari zao zitangulie Buganda. Wajumbe wa Kabaka Mutesa walipofika, Speke akaondoka nao Januari 1862. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki Karagwe hadi Aprili. Kwa hiyo kungoja kibali si jambo jipya katika nchi hii. Tofauti ni kwamba aliyengoja alingoja akiwa nyumbani mwa mtu, akila chakula cha mtu, na mwenyeji wake ndiye aliyemsemea mbele ya wakubwa. Dhamana ya mgeni ilikuwa mdomo wa mwenyeji. Na kama urafiki ulikuwa wa kudumu, watu walifanya omukago: walitafuna buni zilizopakwa damu yao, wakawa ndugu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza ulizaliwa wapi.

Kisha wakaja wazungu na kalamu. Mpaka baina ya Wajerumani na Waingereza ulikubaliwa Ulaya mwaka 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipatana mwaka 1919 kugawana nchi iliyokuwa ya Mjerumani. Waingereza walitaka ukanda wa mashariki ya Rwanda, sehemu ya Gisaka, kwa ajili ya reli waliyoiota kutoka Misri hadi kusini mwa Afrika. Wakaupata. Lakini mwaka 1923 Baraza la Mataifa lilikubali ukanda huo urudishwe Rwanda, na mpaka ukawa mto Kagera. Fikiri juu ya mtoto aliyezaliwa Gisaka mwaka 1922. Alizaliwa chini ya Mwingereza, na alipoanza kutembea vizuri alikuwa chini ya Mbelgiji, hali mama yake hakuhama hata shamba moja. Mtoto huyo angalikuja kuolewa Karagwe baadaye angaliitwa mgeni.

Wakati wa mkoloni, karatasi iliyomtambulisha mtu ilikuwa risiti ya kodi. Baba yangu aliiweka yake ndani ya kibuyu kidogo juu ya dari, moshi usiweze kuiharibu. Kodi ya kichwa ilidaiwa mwanamume, kwa hiyo mwanamke hakuwa na risiti, na asiye na risiti hakuandikwa popote. Mama zetu waliishi na kufa bila karatasi hata moja yenye jina lao, ila cheti cha ubatizo kwa waliobatizwa.

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa humu, na mzazi wake mmoja akawa naye amezaliwa humu, alikuwa raia siku ile ile bila kuomba. Kwetu mpakani hapo ndipo palipoanza maswali ambayo watu wa Dodoma au Morogoro hawakuulizwa. Mzazi wako alizaliwa upande upi wa mto? Ni nani aliyemwona akizaliwa? Wakati huo huo walikuwa wamekwisha kuanza kuingia wakimbizi kutoka Rwanda, waliokimbia machafuko ya kuanzia mwaka 1959. Wengi walipokewa, wakalima, wakaoa na kuolewa. Nilipotoka chuo cha ualimu miaka ya sabini mwanzoni, nilifundisha watoto ambao nusu yao walikuwa na bibi ng'ambo ya mto. Sikuona ajabu, maana hata mimi nilikuwa naye.

Enzi hizo karatasi yetu kubwa ilikuwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi alikujua, akaandika kwamba anakujua, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, na barua hiyo ikafungua milango. Ilikuwa omukago kwa njia ya wino. Mdogo wangu alipooa mwaka 1984, mahari ilivuka mto, bibi harusi akavuka mto, wazee wakanywa rubisi, na balozi akamwandika katika daftari lake kuwa mkazi wa nyumba ya saba. Ndoa haikupelekwa kusajiliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila na inataka isajiliwe, ingawa isiposajiliwa haibatiliki. Sisi tulishika hilo la mwisho tukalisahau la kwanza.

Watu wengi hudhani kwamba mwanamke akiolewa na raia naye huwa raia. La hasha. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia. Haki ya kuomba, si uraia wenyewe. Mwanamume wa nje aliyeoa Mtanzania hakupewa hata hiyo. Yeye hupita njia ndefu ya wageni wote. Na haki hiyo ya mke imewekewa kipimo kwa maneno machache ambayo nilikuja kuyaelewa kwa kuchelewa: ni wakati wowote wa uhai wa mume.

Wakati wowote! Mdogo wangu alinisomea maneno hayo mwenyewe, nadhani mwaka 2006, kutoka karatasi aliyopewa na mtu. Alikuja nyumbani jioni na mke wake akaniambia, "Kaka, tusaidie hizi fomu, wewe ndiye mwenye kalamu." Nikamjibu kwamba kama sheria inasema wakati wowote, basi hakuna haraka. Tumalize msimu wa kahawa. Msimu ukaisha, nikawa na mitihani ya darasa la saba. Mitihani ikaisha, nikawa najiandaa kustaafu. Kila walipokuja nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa sababu za kweli. Hiyo ndiyo hatari ya sababu za kweli, hazikupi aibu ya kukuamsha.

Mwaka 2013 ulipaswa kutuamsha. Mwezi Februari mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alizindua Kitambulisho cha Taifa. Tena nchi yenyewe ilikuwa imengoja sana: wazo lilizungumzwa tangu mwaka 1968, sheria ya kuandikisha na kutambua watu ikatungwa 1986, mamlaka ya vitambulisho ikaundwa 2008, na kadi za kwanza zikatoka 2013. Miaka 45. Nalitaja hilo si kwa kebehi, bali ili vijana wa ofisini wakumbuke kwamba hata serikali inajua ugumu wa kujipatia karatasi.

Mwezi Julai mwaka huo huo, Rais alipozuru mkoa wetu, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke wenyewe. Mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Niseme haki: tulikuwa tumechoka. Kulikuwa na ujambazi wa silaha barabarani na makundi makubwa ya ng'ombe kutoka nje katika mapori ya hifadhi. Serikali ilikuwa na sababu. Lakini wavu unaovua sangara hubeba na dagaa. Waliondoka wanawake walioolewa hapa miaka mingi, wakaacha waume na watoto upande huu. Wengine walivuka na mtoto wa mgongoni tu, wale wanaokwenda shule wakabaki na baba. Shemeji yangu alilala siku tisa nyumbani kwa binti yake wa kwanza, na mdogo wangu alikuwa akishtuka kila aliposikia gari. Ilipotulia tukamshukuru Mungu, tukarudi mashambani. Fomu hatukujaza. Sasa tulikuwa na sababu mpya: tuliogopa kwamba kuomba ni kujitangaza.

Mdogo wangu alifariki mwaka 2016 kwa ugonjwa wa siku nne.

Miaka mitatu baadaye ikaja kazi ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Ilianza Mei 2019, na mwisho ulisogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Raia alitakiwa aende na namba ya Kitambulisho cha Taifa, mgeni aende na pasipoti yake. Shemeji hakuwa na hii wala ile. Simu yake ndiyo iliyomwunganisha na watoto walioko Mwanza na Bukoba, na ndiyo iliyomletea pesa za matumizi. Nikajitwika kumpeleka ofisi moja ya serikali, nikiwa nimevaa koti langu la kustaafia, nikiamini kwamba mwalimu mkuu mstaafu akimdhamini mtu atasikilizwa.

Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alitupa viti. Alimwuliza shemeji mume wake yuko wapi. Alipojibiwa kwamba amefariki, kijana alinyamaza kidogo kisha akanigeukia mimi, akasema, "Mzee, njia rahisi ilikuwa ya wakati wa uhai wa mume." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwalimu anayemsomea mwanafunzi jibu lililokuwa ubaoni tangu asubuhi.

Njia iliyobaki ni ya mgeni wa kawaida. Sheria inataka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba. Awe na tabia njema. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Shemeji amekaa miaka isiyopungua 40 na Kiswahili anakijua, ila ni vigumu kuihesabu miaka ambayo haikuwa na kibali cha ukaazi. Kibali chataka pasipoti. Pasipoti yatolewa na nchi aliyoiacha akiwa binti, ambako wazee waliomjua wamekwisha kufa na hakuna daftari lenye jina lake. Kwa hiyo amekaa katikati ya mto, si huku si kule. Watoto wake wana namba wote, kwa kuwa aliyezaliwa nchini na mzazi mmoja raia ni raia. Ni yeye tu, aliyewazaa, ambaye kompyuta haimjui.

Nilidhani kisa hicho kingekwisha na kizazi chetu. Lakini mwanangu wa mwisho naye amevuka mto. Mkamwana wangu anatoka Isingiro ya Uganda, na amesoma. Kwao ana kitambulisho chenye namba ya tarakimu na herufi 14, na kwa kadi hiyo anaweza kwenda Kenya au Rwanda bila pasipoti, kwa mapatano ya nchi hizo tatu ya mwaka 2014. Tanzania haikuingia katika mapatano hayo. Akija kumpikia mumewe, kadi hiyo haimsaidii.

Safari hii sikungoja msimu. Ndoa ilisajiliwa. Pasipoti aliifuata Mbarara. Ombi la kibali cha kukaa na mumewe liliingizwa. Hata hivyo umepita mwaka na miezi, na namba haijapatikana. Msomaji atataka kujua kimekwama nini, nami sina budi kukiri. Katika mikoa ya mpakani uhakiki ni mkali, na kila jina hulinganishwa na jina. Cheti cha ndoa kina jina la mwanangu kwa herufi "r", na kitambulisho chake kina "l". Katika Runyambo hatutofautishi sauti hizo mbili, lakini mashine inatofautisha. Ikabidi apate kiapo, kiapo kikataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa kikataka kumbukumbu za shule. Nikaenda shuleni kwangu kutafuta rejista ya zamani ya darasa la kwanza. Nikaikuta. Ile "l" ilikuwa yangu. Niliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri niliojivunia.

Nimefundisha historia, na nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba mipaka ilichorwa na watu waliokaa mezani Ulaya bila kuiona nchi. Ni kweli. Lakini mpaka hauishi kwa kalamu ya Ulaya peke yake. Unaishi pia kwa kalamu ya mwalimu anayeandika jina bila kuuliza, ya balozi asiyesajili ndoa, na ya ndugu anayesema tungoje kahawa. Na unaishi kwa faili linalolala mezani kwa sababu aliyeleta ni mwanamke wa kijijini asiyejua amwulize nani.

Ninayoyaomba si makubwa. Siombi milango iachwe wazi. Tumeona yaletwayo na milango iliyo wazi, na mwaka 1994 robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja, tukajua nchi ikizidiwa inakuwaje. Naomba tu kwamba aliye ofisini aipime siku kwa kipimo cha sheria yenyewe. Kwa ombi la biashara, mwezi ni mwezi. Kwa ombi la mke, mwezi ni sehemu ya uhai wa mtu mwingine, na hakuna ofisa awezaye kusema umebaki kiasi gani. Mwombaji angehesabiwa tangu siku alipoleta ombi, mume akifa kesho haki isife naye. Na kwetu sisi wa vijijini naomba kwamba siku mahari inapopokelewa, kabla ya rubisi kumiminwa, mzee mmoja aulize: karatasi ziko wapi? Swali hilo halimfukuzi mgeni. Ndilo jembe la siku ya tatu la zama hizi.

Juzi mkamwana alikuwa akijiandaa kwenda tena Kayanga na kiapo kipya. Shemeji alikuja asubuhi mapema, kabla ya umande kukauka, akiwa ameshika noti ya shilingi 10,000 aliyoikunja ndani ya kitambaa. Mkamwana alikataa, akasema mumewe amempa nauli. Shemeji akamfumbata mkono juu ya ile noti. "Hii si nauli," alisema. "Ni ya kula mchana, wakikuambia ungoje. Usirudi nyumbani kwa sababu ya njaa."

Kisha akamwuliza kama mwanangu anajisikia vizuri siku hizi. Mkamwana akacheka, akasema ni mzima kabisa. Shemeji hakucheka. Alisema, "Basi nenda leo."